Jina Linafika Mbele ya Mzigo

Mazungumzo na wanachama wachuuzi, pamoja na wafadhili wetu, juu ya kuuza kwa WhatsApp na Facebook

Mwenyekiti alituomba tuseme juu ya jambo ambalo tunaulizwa kila tunapofika kwenye vikundi. Mchuuzi mdogo wa Baraka, wa Mboko ama wa Fizi, atafanya nini ili biashara yake ionekane kwenye simu, na huko kuonekana kulete pesa nyumbani?

Tutaanza na kosa letu sisi wenyewe watu wa uwandani, kwa sababu ndilo lililotufundisha.

Kuna kikundi cha wamama wanaotengeneza sabuni ya mawese. Tuliwafungulia ukurasa wa Facebook, na tulikuwa na furaha kabisa. Tukaandika kwa Kifaransa kizuri cha chuo kikuu. Tukaweka alama ya shirika juu, alama ya mfadhili chini, na katikati picha ya wamama wamevaa vitenge vya sare, wamesimama mstari mmoja, mikono mbele. Watu wa mbali wakapenda. Vidole gumba vikaja kutoka Ulaya, kutoka Amerika, na kutoka kwa wafanyakazi wenzetu. Tukavihesabu, tukaviandika kwenye ripoti. Siku moja mama mweka hazina akatuuliza: "Ile Facebook yenu, imeuzisha miche mingapi?"

Tukaangaliana. Hata mmoja. Bei haikuwapo. Namba ya simu iliyowekwa ilikuwa ya ofisi yetu, haikuwa ya wamama. Na mama anayetafuta sabuni ya kufulia hana kazi na Kifaransa cha ripoti.

Ukurasa ule tuliwafanyia wafadhili, hatukuwafanyia wanunuzi. Basi kabla hujashika simu, jiulize kwanza: nani atanunua? Yuko wapi? Anasema lugha gani? Analipa kwa njia gani? Kama jibu ni mama wa Lweba mwenye simu ndogo na mega chache, basi mtengenezee yeye, usimtengenezee mgeni anayekuja na gari.

Mali ambayo hatukuiandika kwenye fomu

Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996 tukiwa migongoni mwa mama zetu. Tulikulia Nyarugusu, wengine Lugufu. Mwaka 2005 safari za kurudi kwa hiari zilipoanza, meli ilitoka Kigoma ikafunga hapa Baraka. Aliyeshuka alishuka na sufuria, godoro, labda baiskeli. Mashamba mengine tuliyakuta na wenyewe wapya, nyumba tukazikuta ukuta bila mabati. Hiyo habari mnaijua, hatuna haja ya kuirudia.

Lakini kuna mali moja ambayo hakuna aliyeiandika kwenye fomu ya mizigo: tunajua watu. Jirani wa kambini leo yuko Kigoma. Mwingine yuko Uvira, pale bandarini Kalundu. Mwingine hajarudi, bado yuko Nyarugusu. Watoto wa shangazi walichukuliwa, wako Marekani, Kanada, Australia. Mchuuzi ambaye hakuwahi kukimbia hana watu waliotawanyika namna hiyo. Mateso ndiyo yaliyowatawanya, lakini simu inaweza kuwakusanya.

Na watu hao wana haja. Kaka aliye ng'ambo ana mama yake huku Mboko. Akituma pesa taslimu, hajui kama zimenunua unga ama zimekwenda kulipa deni la mjomba. Tumeona wachuuzi kati yetu wakifanya hivi: yule kaka analipa kupitia ndugu mwenye M-Pesa ama Airtel Money, mchuuzi anapeleka gunia la unga, mafuta na sabuni mpaka mlangoni kwa mama, halafu mama mwenyewe anasema kwenye simu: "Mwanangu, vimefika. Aksanti." Ile sauti ya mama inatangaza biashara kuliko picha yoyote. Yule kaka ataisikiliza, atamsikilizisha dada yake, na mwezi unaofuata watakuja wawili.

Njo maana tunasema: usianze kwa kutafuta watu elfu moja usiowajua. Anza na hamsini wanaokujua. Wao ndio watakaokuleta kwa wengine.

Neno la mzee wa soko

Mzee mmoja wa soko alitupinga. Alisema: "Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona mnawafundisha wamama kujitembeza?"

Tulikaa na neno lake, na tunaona ana haki kwa sehemu kubwa. Sabuni nzuri inajiuza kwa mtu aliyekwisha kufua nayo. Lakini mtu wa Kazimia ambaye hajaiona, itajiuzaje kwake? Kazi ya simu ni kumfikishia yule wa mbali kile ambacho jirani amekwisha kukijua. Simu haitengenezi uzuri ambao haupo. Inabeba jina lako tu. Likiwa zuri, linafika mbele ya mzigo. Likiwa baya, linafika vilevile, tena mbio zaidi.

Hilo la pili hatukulisoma kwenye kitabu.

Wiki ambayo sabuni ilichoma mikono

Baada ya lile kosa la Facebook, wamama wale wale walifungua grupu ya WhatsApp ya wateja, safari hii kwa Kiswahili, na bei juu. Oda zikaanza kuja. Ikafika wiki moja mizani yao iliharibika, soda ikapimwa kwa macho, na kwa sababu oda zilikuwa nyingi, sabuni ikakatwa na kuuzwa kabla haijakaa siku zake. Mteja mmoja akatuma sauti ndani ya grupu: "Wamama, hii sabuni yenu ilinichoma mikono. Angalieni." Na picha ya vidole.

Kijana tuliyemfundisha kusimamia grupu alifuta ile sauti, akamtoa yule mama. Dakika tano hazikupita. Yeye aliona analinda biashara, na tuseme ukweli, sisi ndio tuliomwambia "msikubali maneno mabaya kwenye grupu." Lakini sauti ilikuwa imekwisha kuondoka. Ilikwenda kwenye grupu ya kwaya, ikaingia ya wauza samaki, ikafika Fizi mjini. Sasa ilikuwa na neno la nyongeza: "Na nilipolalamika, walinifukuza." Hayo ndiyo yaliyowachoma watu kuliko soda yenyewe. Maduka mawili yakarudisha katoni.

Tulikaa chini ya mwembe na wamama. Shauri letu sisi wenye shahada lilikuwa: tunyamaze, itapita. Mama mweka hazina akakataa. Alisema: "Mutu akikuchoma mikono, unamuendea kwake." Wakamwendea. Waliomba msamaha, wakalipa dawa. Halafu akashika simu mwenyewe, akasema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kibembe, si zaidi ya dakika moja: sabuni iliyopikwa siku fulani ina kosa, kosa ni letu, mizani iliharibika na tuliharakisha, mwenye mche, hata nusu, arudishe, atapewa mwingine ama pesa yake. Wakamrudisha yule mteja kwenye grupu. Jioni wakaweka picha ya lundo la miche iliyorudi.

Faida ya mwezi ule ilikwisha yote. Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yalinyooka siku ya pili. Kuna duka moja la Mboko ambalo mpaka leo halijarudi. Lakini wengi walirudi, polepole, na sasa kila picha ya sabuni ina tarehe mbili: siku ilipopikwa na siku ilipotoka kwenye rafu. Watu wanauliza zile tarehe. Yule mama aliyechomwa ni mmoja wa wanaonunua, na akisema "hii ya sasa iko muzuri," hakuna tangazo la pesa linaloweza kushindana naye.

Tulichojifunza ni kwamba lalamiko lililoandikwa mbele ya watu wote linajibiwa mbele ya watu wote. Wanaosoma ni wengi kuliko anayelalamika, na wote wanangoja kuona utafanya nini. Ukilifuta, umewajibu.

Kazi ya kila siku

Sasa tuingie kwenye mambo ya mkono. Wenye madaftari, andikeni.

La kwanza ni laini. Namba ya biashara iwe moja, na iandikishwe kwa jina lako, kwa kadi yako mwenyewe. Tunamjua mama aliyeuza muda mrefu kwa laini ya shemeji. Walipokosana, laini ikaondoka na wateja wote. Tena usiiache ilale miezi bila kuitumia, kwa sababu laini iliyolala kampuni inaweza kuifunga na kumpa mtu mwingine. Namba yako ni kama mlango wa duka. Ukibadilisha mlango kila mwaka, wateja watagonga kwa jirani.

La pili, WhatsApp Business. Ni programu ya bure, ilitoka mwaka 2018. Inakupa nafasi ya kuandika jina la biashara, mahali ulipo, saa za kazi, na katalogi ya bidhaa na bei zake. Inaweza pia kumjibu mtu salamu wewe ukiwa shambani: "Tumeona ujumbe wako, tutakujibu saa kumi na moja jioni." Kikundi chenye simu kubwa moja tu kinatosha. Lakini mchagueni mtu wa kuishika ambaye anajibu, na mega zake zitoke kwenye sanduku la kikundi. Msimwachie mtu mmoja abebe kwa mfuko wake, atachoka.

La tatu, picha. Piga asubuhi, karibu na mlango, ambako mwanga ni mzuri na jua halijawa kali. Tandika kitambaa safi. Weka kitu ambacho watu wanakijua ukubwa wake: kopo la ndagala karibu na sahani, mche wa sabuni ndani ya mkono, bidoni ya mawese karibu na ndoo. Usichukue picha ya intaneti yenye sabuni ya Ulaya halafu ulete ya kwako. Mteja akifungua katoni na kuona kitu kingine, umempoteza yeye na ukoo wake.

La nne, bei. Hili tulirudie mara tatu: bei, bei, bei. Kuna desturi mbaya ya kuandika "njoo faragha nikwambie." Mtu mwenye mega kidogo haji faragha, anapita. Andika bei, andika kipimo, andika tarehe. Mfano: debe moja, bei kwa faranga, bei kwa dola, tarehe ya leo. Kwa sababu dola inapanda na kushuka, andika pia bei hiyo itadumu mpaka siku gani. Mtu akija baada ya siku hiyo, hamtagombana.

La tano, sauti. Wateja wetu wengi wanasikia vizuri kuliko wanavyosoma. Tumia sauti, fupi, isifike dakika moja. Sema wewe ni nani, una nini leo, bei gani, uko wapi. Sema kwa lugha ya mnunuzi: Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru. Kifaransa kiweke pale mnunuzi wako ni ofisi ama hoteli.

La sita, statu. Statu ya WhatsApp inadumu saa 24, kisha inafutika. Na inaonwa na mtu aliyehifadhi namba yako, nawe ukawa umehifadhi ya kwake. Wengi hawajui hilo, wanaweka statu kila siku halafu wanashangaa hakuna anayeiona. Kwa hiyo kila mteja anayekuja mezani kwako, mwambie: "Hifadhi namba yetu, nasi tunahifadhi ya kwako." Weka statu jioni kabla ya siku ya soko, ama mara boti ya samaki inapofika. Mara tatu kwa wiki inatosha. Ukiweka picha ishirini kwa siku, watu watakuzima wasikuone tena.

La saba, kujibu. Tukiulizwa jambo moja tu linalotenganisha mchuuzi anayeuza kwa simu na asiyeuza, tutasema ni hili. Anayejibu anauza. Najua mtandao unakatika, chaji inaisha, sola haipati jua wakati wa mvua. Basi panga saa zako, waambie watu, na uzishike: asubuhi kabla ya shamba, jioni baada ya soko. Kama kitu kimekwisha, jibu "kimekwisha, kinarudi Ijumaa." Kunyamaza ni tusi.

La nane, Facebook. Hatusemi iachwe. Facebook inafaa kwa wa Uvira, wa Bukavu, na wa ng'ambo wasio na namba yako. Fungua ukurasa wa biashara ulio mbali na ukurasa wako wa harusi na misiba. Weka namba ile ile ya WhatsApp, weka mahali ulipo, jibu maoni. Usinunue wafuasi. Mfuasi wa kununuliwa hali mawese. Na usilipe tangazo kama huna mzigo wa kutosha, maana oda kumi unazoshindwa kuzitimiza zinaharibu jina kuliko kukosa oda.

La tisa, daftari. Kila mteja mpya, muulize: "Umetujulia wapi?" Andika: jirani, statu, Facebook, kanisani. Mwisho wa mwezi hesabu: mega zimekula ngapi, oda za simu zimeleta ngapi, wangapi wamerudi mara ya pili. Kama mega zinakula kuliko zinavyoleta, punguza. Simu ni mtumishi, haikuwa bwana.

Pesa, usalama na heshima

Tuseme juu ya wezi, kwa sababu nao wamesoma.

Mtu anakutumia picha ya ujumbe wa malipo: "Nimekwisha kulipa, toa mzigo." Picha si pesa. Angalia salio lako mwenyewe, kwenye simu yako mwenyewe, ndipo mzigo utoke. Mtu anakuandikia: "Samahani, nimetuma namba sita kwako kwa makosa, nirudishie." Zile namba sita ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimpa, kesho anaomba pesa kwa wateja wako wote kwa jina lako. Ingia kwenye mipangilio, weka ile namba ya siri ya hatua mbili. Wafundisheni vijana wenu waifanye leo kabla hamjaondoka hapa. Na neno la siri la M-Pesa, la Airtel Money ama la Orange Money haliombwi na mtu yeyote wa kampuni.

Kwa mzigo unaosafiri, wengi wetu tumezoea avansi: nusu mbele, nusu mzigo ukifika. Andikeni makubaliano kwenye WhatsApp hata kama ni ndugu. Sana sana kama ni ndugu.

Sasa usalama wa mwili. Barabara yetu ya taifa namba 5 mnaijua. Usiandike "kesho tunatoka Uvira na mzigo mkubwa." Usipige picha ya pesa mezani siku kikundi kinapogawana. Picha ya stoo iliyojaa inamfurahisha mteja na mwizi pamoja. Sema mzigo umefika baada ya kufika, na kupunguzwa.

Grupu ya biashara iwe ya biashara. Habari za vita, habari za kabila fulani kufanya nini, zisipite hapo. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali, na anayesambaza uongo anaweza kujibu mbele ya sheria. Lakini hata sheria isingekuwapo, sisi tuliokimbia tunajua neno moja la uongo linaweza kufanya nini. Katika soko letu Mbembe ananunua kwa Mfuliiru, na Mnyamulenge anauza maziwa kwa wote. Grupu ikigeuka mahali pa matusi, kwanza inakufa biashara, halafu yanakufa mengine.

Na heshima. Ukitaka kuweka picha ya mama mzee akipokea unga, mwombe yeye na umweleze picha inakwenda wapi. Akisema hapana, ni hapana. Sauti yake kwa mwanawe inatosha. Watoto tuwaache nje ya matangazo.

Kwa wafadhili wetu

Sasa tunawageukia ninyi wageni wetu, kwa heshima, maana mmetusaidia na tunataka msaada uendelee kuzaa.

Ombi la kwanza: msituombe picha za shukrani kwenye kurasa za wachuuzi. Tunazihitaji kwa ripoti, tunaelewa, tutazituma kwa njia nyingine, kwa ruhusa ya wenyewe. Lakini mnunuzi akikuta ukurasa umejaa alama za mashirika, anafikiri vitu hivyo ni vya msaada, vya bure ama vya wanyonge. Wengine wamekuja kuuliza: "Hii sabuni inagawiwa siku gani?" Mwachieni mchuuzi ukurasa wake awe mchuuzi.

Ombi la pili: msitupime kwa vidole gumba. Tupimeni kwa oda zilizotimizwa na kwa wateja waliorudi. Ni namba ndogo, hazipendezi kwenye karatasi, lakini ndizo zinazonunua vitabu vya shule.

Ombi la tatu: siku moja ya mafunzo haitoshi. Tulipotoa mafunzo ya siku moja tukaondoka, kijana akamfukuza mama aliyechomwa mikono. Kosa lile lilikuwa la kwetu zaidi kuliko la kwake. Kinachohitajika ni mtu wa kurudi kila mwezi, kuketi na kikundi, kusikiliza malalamiko pamoja nao. Kinachohitajika ni sola ya kuchajia, mega za miezi ya kwanza, na mizani nzuri. Ndiyo, mizani. Mtashangaa tukiiandika kwenye bajeti ya mambo ya simu. Lakini kama kikundi kile kingekuwa na mizani, sauti ile isingerekodiwa.

Kazi ya kwenda nayo nyumbani

Hatutaki muende na maneno mengi. Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama mchuuzi afanye mambo matatu. Ahakikishe laini ni ya jina lake na namba ya siri ya hatua mbili imewekwa. Apige picha moja nzuri ya bidhaa moja, yenye bei, kipimo na tarehe. Na aandike kwenye daftari majina hamsini ya watu anaowajua, huku, Kigoma, Nyarugusu, Uvira na ng'ambo, awasalimu mmoja mmoja kabla ya kuwauzia chochote. Salamu kwanza. Mtu uliyekaa naye kambini miaka tisa huwezi kumwanza na bei ya mawese.

Wenye simu ndogo waungane watatu watatu na mwenye simu kubwa. Vijana wetu wa chama wako pale mlangoni mpaka saa kumi, watawasaidia bila malipo. Mama mweka hazina wa kikundi cha sabuni naye yupo, ameketi nyuma pale, na amekubali kuulizwa. Mwulizeni yeye kuliko sisi. Ukurasa wetu haukuuza hata mche mmoja. Yeye leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, alikuwa anafunga katoni ya kwenda Kalundu.